Majani ya Uani, Maganda ya Jikoni: Namna ya Kuufanya Mtaa Wako Ukusanye Taka Zinazooza

Asubuhi, kabla jua halijakolea, nyua za Dar es Salaam zinafagiliwa. Utasikia fagio la chelewa likikwaruza mchanga, kisha majani ya mwembe na mwarobaini yanasogezwa pembeni, na punde si punde unanusa moshi. Katika nyumba hiyohiyo, nyuma ya mlango wa jikoni, kuna kiroba kinachochuruzika: maganda ya ndizi na mihogo, ukoko, vichwa vya dagaa, machicha ya nazi. Kiroba kinalisubiri gari la taka, na gari likichelewa siku tatu hakuna jirani asiyejua.

Majani yale yanayochomwa na maganda yale yanayonuka ni nusu mbili za kitu kimoja. Maganda yana maji mengi na naitrojeni. Yakirundikwa peke yake yanageuka uji mzito unaokosa hewa, na ndio unaonuka. Majani makavu yana kaboni na yanaacha nafasi ya hewa kupita, lakini yakiachwa peke yake yanakaa miezi na miezi bila kuoza. Yakutanishe, ukipima vizuri, na ndani ya siku chache rundo linapata joto la kuunguza mkono, harufu inakatika, na baada ya miezi mitatu hivi una mboji.

Halmashauri zilizofanikiwa kukusanya taka hizi nyingi zimesimama juu ya jambo hilo dogo. Penrith, magharibi mwa Sydney, Australia, mwaka 2009 iliruhusu mabaki ya chakula yaingie kwenye pipa moja na majani ya bustani, ikaamua pipa hilo lichukuliwe kila wiki, na lile la taka nyingine lisubiri wiki mbili. Kinachooza kiondoke haraka, kisichooza kinaweza kungoja. Sisi kwetu tunafanya kinyume: tunavifungia vyote kwenye kiroba kimoja, kisha vyote vinangoja pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka mtaa wako ufike huko, uwe mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mjumbe, mwanakikundi cha usafi, au mpangaji tu aliyechoka na nzi. Nauandika nikiwa Dar es Salaam kwa sababu huku ndiko ninakokujua. Msomaji wa Tanga, Mombasa au Bujumbura atabadilisha majina ya ofisi. Rundo la mboji litabaki lilelile.

Kwanza ujue uzito wa jambo lenyewe. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni kitu kinachooza. Kwa hiyo gari linalopanda hadi dampo la Pugu Kinyamwezi limebeba, kwa sehemu kubwa, maji yaliyomo ndani ya maganda, na dizeli yote hiyo inateketea kwa kusafirisha maji. Dampo lenyewe limekuwa likihamahama. Wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani mwaka 1988 kulipinga, wakashinda. Likapelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991. Baadaye ikawa Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu. Kila mara jiji lilikua likalifikia dampo lake. Na taka mbichi zikirundikana juu ya taka mbichi hazitulii. Zinatoa gesi ya methani, zinavuja maji machafu, na mlima wake hauna mfupa. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua, mlima wa taka wa Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, uliporomoka juu ya nyumba za watu waliolala. Waliokufa walizidi 30.

Anzia mwisho

Mtaa mmoja nilioshiriki kuuhamasisha ulianza na ndoo. Tulichangishana, tukanunulia kila nyumba ndoo mbili, ya kijani kwa kinachooza na nyeusi kwa vingine, tukapita mlango kwa mlango kuelekeza. Wiki ya kwanza watu walitenga vizuri kuliko nilivyotarajia. Alhamisi gari likaja. Vijana wa gari wakazimwaga ndoo zote mbili kwenye bodi moja, mbele ya akina mama waliokuwa wamesimama na ndoo zao mkononi. Vijana hawakuwa na kosa. Hakuna mtu aliyekuwa amewaambia ndoo ya kijani iende wapi. Wiki ya tatu ndoo zile zilikuwa zinachotewa maji ya kufulia, na tulipokuja kuwarudia watu walewale na mpango ulio kamili, ulipita mwaka mzima kabla hawajatusikiliza. Wengine hawakutusikiliza tena, na sikuweza kuwalaumu.

Ndiyo maana kanuni yangu ya kwanza haihusu ndoo. Usimwombe mtu atenge hata ganda moja kabla hujajua kwa hakika litapokelewa wapi, na anayelipokea awe ametamka kwa kinywa chake ni kiasi gani, na siku zipi.

Wapokeaji wapo wa aina kadhaa. Wa karibu kabisa ni wafugaji. Mwenye ng'ombe wa maziwa wa ndani atachukua maganda ya ndizi, ya viazi na majani ya mboga, mradi yawe ya siku hiyohiyo na yasiwe na hata uzi wa plastiki, maana mfuko mmoja tumboni unaweza kumuua ng'ombe. Bata na kuku watamaliza wali na ugali. Mwenye nguruwe atataka kila kitu, na hapa lazima uwe mkali: mabaki ya chakula yachemshwe vizuri kabla nguruwe hajapewa, nusu saa yakitokota, kwa sababu homa ya nguruwe ya Afrika husafiri ndani ya mabaki ya nyama ya nguruwe na haina tiba. Asiyekubali kuchemsha usimpe.

Wengine ni wafugaji wa funza wa nzi askari mweusi. Nzi huyu si yule wa jalalani. Akishakuwa mkubwa hahangaiki na chakula chako wala hang'ati. Kazi yote ya kula huifanya akiwa funza, kwa muda wa wiki mbili hivi, na funza hao hukaushwa wakawa chakula cha kuku na samaki chenye protini nyingi. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, Nairobi, imeufanyia kazi ufugaji huu kwa miaka mingi, na wafugaji wake wanaongezeka Kenya na Tanzania. Kama yuko mmoja karibu nawe, umebahatika, kwani anahitaji taka kila siku bila kukosa.

Halafu kuna mboji. Unaweza kuipeleka taka kwenye kituo kilichopo: Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, na kinategemea zaidi taka za masoko. Au unaweza kuitengeneza ndani ya kata yako, kama inavyofanyika Bonyokwa, ambako shirika la Nipe Fagio lilisaidia kuanzisha ukusanyaji wa nyumba kwa nyumba na kituo cha kuchambulia hukohuko kwenye kata.

Ukiniuliza, nitakwambia uanze na mboji yako mwenyewe, na mfugaji awe msaidizi. Mfugaji atasafiri, ng'ombe atauzwa, nguruwe watapata homa. Rundo halisafiri. Siku ambayo hakuna aliyekuja kuchukua, rundo linapokea.

Pima wiki moja

Chagua nyumba kumi zisizofanana: yenye watoto wengi, ya wapangaji watano, ya mama lishe, ya wazee wawili. Azima mizani ya ndoano. Kwa siku saba pima kinachooza peke yake na vingine peke yake, uandike kwenye daftari. Pima pia viroba vya majani yaliyofagiliwa. Usipime wiki ya Idi au ya harusi. Ramadhani nayo ina mahesabu yake, na msimu wa maembe unaweza kuongeza uzito wa ndoo kwa namna itakayokushangaza.

Tuseme umepata wastani wa kilo moja na nusu kwa nyumba kwa siku. Nyumba 50 zitakupa kilo 75 kwa siku, zaidi ya nusu tani kwa wiki. Ujazo wake ni kama mita moja ya mraba iliyojaa hadi urefu wa mita moja, na utahitaji majani makavu ya ujazo mara mbili ya huo. Kwa makadirio yangu eneo la mita 10 kwa 15 linatosha, kwa sababu marundo ya zamani yanasinyaa na kuunganishwa wakati mapya yanaanzwa. Eneo la namna hiyo linapatikana pembeni ya shule, nyuma ya ofisi ya mtaa, au kwa mkulima wa mchicha bondeni, ila tu lisiwe mahali panapojaa maji masika.

Daftari hilo lihifadhi. Litakuja kusema kwa niaba yako mahali ambapo maneno yako peke yake hayatatosha.

Ndoo ya jikoni

Watu wengi wanaogopa harufu, na wana haki. Harufu inatokana na maji. Milano, Italia, ilipoanza kukusanya mabaki ya chakula mtaa baada ya mtaa kati ya 2012 na 2014, kila familia ilipewa kikapu kidogo cha lita 10 chenye matundu, ili unyevu utoke na mabaki yasinyae badala ya kuchachuka. Jiji la watu milioni moja na laki nne, wengi wakiishi ghorofani, lilimudu kazi hiyo kwa kikapu hicho na gari lililopita mara mbili kwa wiki.

Wewe huhitaji kikapu cha Milano. Chukua ndoo ya rangi ya lita 10 iliyooshwa vizuri, itoboe matundu madogo kwenye mfuniko na kuzunguka sehemu ya juu ya ubavu. Chini tandika majani makavu, unene wa vidole vinne, au gazeti lililochanwachanwa. Kila unapotia maganda, yafunike kwa konzi moja ya majani makavu, maranda au pumba. Ndoo ikae kivulini. Sisimizi wakikusumbua, zungushia majivu. Hapo ndipo yale majani uliyokuwa unayachoma asubuhi yanapopata kazi: weka kiroba chake kando ya ndoo, kisikose kamwe.

Kuingia, ingiza maganda ya aina zote, mabaki ya wali na ugali, majani ya chai, maganda ya mayai, machicha, vichwa na miiba ya samaki, mboga zilizooza, maua, nyasi. Mchuzi na maziwa yachujwe kwanza; kimiminika ndicho kinachoharibu. Mifupa mikubwa haiozi kwa wakati, mpe mbwa. Vifuu vya nazi na makumbi vitakaa mwaka mzima kwenye rundo, afadhali viende kuwashia moto, na kifuu kisiachwe uani kikiangalia juu maana kikijaa maji kinazaa mbu wa dengi. Kinyesi cha mbwa na paka, pampasi na pedi havina nafasi humu hata kidogo.

Lakini kilicho kibaya kuliko vyote hivyo ni kiwembe, na kipande cha chupa, na sindano. Mkusanyaji anaingiza mkono. Waambie watoto, mwambie binti wa kazi, mwambie fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele. Rudia kila wiki.

Plastiki nayo. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017, lakini vifungashio laini vya sukari, chumvi na karanga bado vimejaa jikoni. Kimoja kikiingia kwenye mboji kinachanika vipande mia, na mkulima akiviona shambani kwake harudi kununua.

Kwa anayekaa ghorofani bila uwanja ipo njia nyingine. Katika mji wa Surabaya, Indonesia, mtaalamu wa Kijapani Koji Takakura, kutoka mji wa Kitakyushu, alifundisha kutumia kikapu cha kawaida cha nguo chenye matundu, kilichotandikwa boksi la karatasi ndani, kikajazwa nusu kwa pumba na majani yaliyokwisha kuanza kuoza kwa chachu za kienyeji. Kila siku unakatakata mabaki madogomadogo, unayachanganya humo kwa mkono au mwiko, unafunika kwa kitambaa. Vikapu hivyo viligawiwa kwa maelfu. Nimekijaribu kwenye baraza kwa pumba za mchele na kinafanya kazi, ila hakitaki uvivu: ukikisahau siku nne kinakuwa na unyevu kupita kiasi, na harufu itakukumbusha.

Siku za kuchukua

Yai la nzi wa nyumbani linaanguliwa ndani ya siku moja. Kwenye joto letu funza anaweza kuwa nzi kamili katika siku 7 hadi 10. Ukusanyaji wa mara moja kwa wiki, unaozifaa nchi za baridi, kwetu unalea nzi. England, ambako sheria imezitaka halmashauri zichukue mabaki ya chakula nyumbani kila wiki kuanzia tarehe 31 Machi 2026, wanaweza kumudu siku saba. Sisi tuseme mara mbili kwa wiki kwa uchache, mara tatu kama uwezo upo, na siku zisibadilike. Jumatatu na Alhamisi ziwe Jumatatu na Alhamisi hata mvua ikinyesha. Mtu akishatoa ndoo yake mlangoni asubuhi na kuikuta imejaa jioni, umempoteza.

Chombo cha kubebea kisiwe gari. Guta lenye mapipa manne yenye mifuniko linapita vichochoroni ambako gari halifiki, na linaweza kumilikiwa na kikundi chenyewe. Ndoo iandikwe namba ya nyumba kwa rangi, imwagwe, irudishwe palepale.

Anayesukuma guta ndiye mwalimu wa mpango wote, kuliko semina yoyote. Anafunua, anaangalia, na kama kuna plastiki anaitoa mbele ya mwenyewe na kumweleza kwa upole: "Shikamoo mama, hii pampasi tuiweke kule, hii inakwenda shambani." Wiki mbili za mwanzo aeleze tu. Kuanzia ya tatu, ndoo iliyochanganywa afunge kitambaa chekundu kwenye mpini na kuiacha ilivyo. Nimeona kitambaa hicho kikifanya kazi ambayo faini haikuweza, kwa sababu majirani wanakiona. Lakini kitolewe siku hiyohiyo kosa likirekebishwa. Tusimwaibishe mtu kwa wiki nzima.

Na mtu huyu alipwe mshahara, si ahsante. Apewe glovu nzito, buti, na chanjo ya pepopunda. Mipango mingi niliyoiona ikifa ilikufa siku aliyechoka kuahidiwa alipoacha kuja.

Rundo

Hapa nitakaa kidogo, maana rundo likinuka majirani watakuja na mwenyekiti, na mpango utaishia hapo.

Tandika kwanza vijiti na matawi membamba, unene wa kiganja, ili hewa iingie kutoka chini. Kisha ndoo moja ya maganda, ndoo mbili hadi tatu za majani makavu, hivyo hivyo hadi rundo lifikie urefu wa mita moja. Chini ya urefu huo halipati joto la kutosha. Likizidi mita moja na nusu linajikandamiza na kukosa hewa. Kila siku tabaka la mwisho liwe majani makavu, yafunike maganda yasionekane kabisa. Nzi hatagi asipopaona.

Kipimo cha unyevu ni mkono wako. Chukua konzi ya kitu cha ndani, kamua. Yakitoka matone mawili matatu, pazuri. Yakichuruzika, ongeza majani makavu na geuza. Kisipotoka kitu na konzi ikamomonyoka, nyunyiza maji. Masika lifunike kwa turubai na uchimbe mfereji mdogo kulizunguka. Kiangazi lifunike kwa majani ya mgomba.

Siku ya tatu au ya nne chomeka fimbo ya chuma katikati, iache dakika tano, ichomoe uishike. Ikiwa huwezi kuishikilia, uko kwenye nyuzi 55 au zaidi, na joto hilo likidumu siku kadhaa linaua mbegu za magugu, funza na vijidudu vingi vya maradhi. Geuza rundo kila wiki kwa mwezi wa kwanza, cha nje kiwe ndani na cha ndani kiwe nje, ili kila kipande kipite motoni. Baada ya hapo kila wiki mbili.

Likinuka kama mayai viza, limekosa hewa: geuza, ongeza majani na vijiti. Likinuka kama mkojo, maganda yamezidi: ongeza makavu. Likikaa baridi na halina harufu yoyote, ni kavu au halina maganda ya kutosha. Panya wakija, ujue mtu anaacha wali juu bila kufunika. Sijawahi kukuta tatizo la rundo ambalo halikuwa mojawapo ya haya.

Kiroba cha majani makavu ndicho kitakachokuishia kwanza. Maganda hayaishi. Kwa hiyo kusanya majani kiangazi chote, yawekwe mahali pasipolowa, na waombe mafundi seremala maranda, lakini yasiwe ya mbao zilizopakwa dawa. Mashine za kukoboa zina pumba. Na huyo jirani anayechoma majani kila asubuhi, mwombe akupe. Hatachoma tena.

Fedha na halmashauri

Usimwahidi mtu yeyote kwamba mboji itamtajirisha. Kilo 100 za taka mbichi zikishakauka, kupungua na kuchekechwa huenda zikabaki kilo 30 au 40. Mauzo yake yanasaidia kulipia turubai na glovu, hayalipi mishahara. Thamani kubwa iko kwingine, kwenye safari za gari ambazo hazikufanyika. Muulize mzabuni wa taka wa mtaa wako anakwenda dampo mara ngapi kwa wiki, anachoma mafuta kiasi gani, anasubiri foleni saa ngapi. Nusu ya mzigo ikibaki mtaani, safari zinapungua. Sehemu ya alichookoa irudi kwa kikundi kwa mkataba ulioandikwa: kiasi fulani kwa kila ndoo au kila kilo inayopimwa kwenye kituo. Kinachobaki kwenye gari nacho ni kikavu, na wanaookota chupa na makopo wanakipata kikiwa safi.

Wapo watakaopendekeza kila nyumba itozwe kwa uzito wa taka zake, kama Korea Kusini, ambako tangu 2013 mabaki ya chakula yanapimwa na kulipiwa. Korea ilifika huko baada ya kupiga marufuku kuyapeleka dampo moja kwa moja tangu 2005, na ikiwa na mapipa yanayojipima yenyewe. Kwetu, mahali mfereji wa maji ya mvua upo hatua kumi kutoka mlangoni, ukimtoza mtu kwa kilo, kilo zitaingia mferejini. Afadhali ada ileile, ipunguzwe kidogo kwa anayetenga vizuri kwa mwezi mzima.

Kwa halmashauri usiende na ombi la sheria ndogo. Sheria ndogo inapita kwenye kamati, baraza la madiwani, kisha inasubiri idhini ya waziri. Na ikishapita bila mahali pa kupeleka ndoo ya kijani, itakuwa ya kutozea faini tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tayari inazipa serikali za mitaa wajibu wa kuelekeza taka zitenganishwe zinakozalishwa. Kenya wanayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayotaka taka zinazooza zitengwe na nyingine. Wajibu upo. Wewe omba vitu vitatu ambavyo ofisa anaweza kuvitoa: eneo, kwa barua yenye muhuri, kifungu kwenye mkataba wa mzabuni kinachotaja taka zinazooza zichukuliwe peke yake, na mafunzo ya afisa mazingira kwa wasukuma guta.

Pita ngazi kwa ngazi. Mkutano wa mtaa kwanza, na muhtasari uandikwe. Kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Kisha halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti inapikwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Mei limekuta sufuria imeshaepuliwa. Lipeleke kabla mwaka haujageuka. Kikundi kikiwa cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu na kimesajiliwa, kiulizie mkopo usio na riba unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Guta na mapipa ni vitu vinavyoeleweka kwenye andiko la mkopo.

Na kabla ya kwenda, subiri rundo la kwanza liive. Litakuwa jeusi, linanukia kama udongo baada ya mvua, na hutatambua ganda wala jani. Lichekeche. Jaza kopo moja, panda mbegu za mchicha, mwagilia. Mbegu zikiota vizuri kufikia siku ya tano, mboji imekomaa. Zikigoma au zikiota njano, liache wiki tatu nyingine ujaribu tena. Kopo lile lililoota ndilo ulibebe kwenye kikao cha kata, pamoja na daftari la mizani, na uwe umeshapanga na yule msukuma guta aje naye, akae mbele, aulizwe maswali yeye.